Manusura wa ukatili wa majumbani Mwanza: tuboreshe makabidhiano ya huduma

Mkoa wa Mwanza haukosi huduma za kumsaidia mtu anayefanyiwa ukatili na mwenzi wake au ndugu wa nyumbani. Yapo madawati ya jinsia na watoto ya polisi, wapo maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, zipo kamati za mitaa na vijiji za MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa haiko ndani ya huduma hizo bali katikati yake, pale manusura anapotoka ofisi moja kwenda nyingine akiwa peke yake, kwani hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwa aliyewaumiza.

Chukulia mama aliyepigwa usiku katika mtaa mmoja wa Kirumba. Wanaomfikia kwanza ni majirani au sungusungu, na asubuhi anaelekezwa kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye anamwandikia barua ya kwenda polisi. Pale kaunta anaulizwa kilichomsibu huku pembeni yake amesimama mtu aliyefuata ripoti ya kupotelewa na simu. Akifika dawati la jinsia anaanza upya kueleza, kisha anapewa fomu ya PF3 aipeleke hospitali, ambako daktari naye atamuuliza kabla ya kuijaza, na fomu hiyo sharti irudi kituoni kwa sababu ndiyo itakayotumika kama ushahidi mahakamani. Katika mzunguko huo hakuna aliyemfanyia ubaya kwa makusudi, lakini kufikia jioni ameshasimulia aibu yake kwa watu wanne na bado hajui atalala wapi.

Mengi katika hayo yanaweza kurekebishwa bila bajeti mpya. Barua ya mwenyekiti ni msaada tu, isigeuzwe sharti la kupokelewa polisi. Anayefika kaunta na kusema ana shida ya nyumbani apelekwe moja kwa moja kwenye chumba cha faragha. Aliyeumia vibaya atibiwe kwanza, PF3 ifuate, na ieleweke kwamba fomu hiyo hutolewa bure. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyomkutanisha manusura na mhudumu wa afya, polisi na ofisa ustawi chini ya paa moja, vilianzishwa kuondoa mzunguko huu. Palipokosekana kituo, mtu mmoja wa kamati ya mtaa aliyepewa jukumu la kumsindikiza anaweza kupunguza sehemu kubwa ya adha.

Katika visiwa vya Ziwa Victoria hali ni ngumu zaidi, kwa sababu huko kinachoamua ni saa. Dawa kinga dhidi ya VVU kwa aliyebakwa, hata kama mbakaji ni mumewe, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Mwanamke wa kisiwa cha Ukara anayehitaji hospitali ya wilaya ya Ukerewe huvuka kwanza hadi Bugolora ndipo ashike njia ya Nansio, na nauli anaweza kulazimika kumwomba mwanamume yuleyule anayeshika fedha za dagaa ambao mwanamke huyo ndiye aliyewaanika. Zahanati za visiwani ziwe na dawa hizo pamoja na mhudumu aliyefunzwa kuzitoa, na kamati za kata zitenge nauli ya dharura isiyohitaji vikao.

Lipo pia suala la suluhu. Wazee na viongozi wa dini hupenda kuwapatanisha wanandoa, na kwa ugomvi wa kawaida hilo ni jema. Kipigo si ugomvi wa kawaida. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko, na baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo kwa kawaida hupitiwa kabla ya shauri la talaka, si mahali pa kumalizia jinai.

Baada ya kesi, au hata bila kesi, manusura anahitaji kula. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu nne ni za wanawake, hupitia vikundi, na mama aliyeondoka usiku na watoto wawili hana kikundi. Maofisa maendeleo ya jamii wanaweza kumtafutia kikundi kinachokubali mwanachama mpya, na walimu wakuu wakaharakisha uhamisho wa watoto bila kudai saini ya baba.

Namba 116 hupigwa bila malipo kutoa taarifa za ukatili. Jirani anayesikia kilio anaweza kuipiga mwenyewe bila kusubiri aliyeumizwa apate ujasiri, na hapaswi kuulizwa kwa nini anaingilia mambo ya nyumba ya mtu.