Je, wajua kwa nini kipimo cha dawa za kulevya kinaweza kumsingizia mwanafunzi?

Kwenye vikao vya wazazi wa sekondari hapa Dodoma, ikifika ajenda ya nidhamu hakosi wa kusimama na kusema: "Wapimwe wote, tujue nani anavuta bangi." Makofi. Uchungu wa mzazi naujua, ila kabla michango haijaanza, tuangalie hicho kipimo kinavyofanya kazi.

Kipimo cha haraka ni kikombe cha mkojo chenye vijikaratasi vilivyopakwa kingamwili, yaani protini za kunasa kemikali fulani. Kingamwili hizo hutambua umbo la kemikali kama kufuli linavyotambua ufunguo, na makufuli haya hufunguliwa na funguo zaidi ya moja. Efavirenz, dawa ya kufubaza VVU iliyotumika sana nchini kabla ya kuja dawa mpya ya dolutegravir, iliwahi kusomeka kama bangi kwenye baadhi ya vipimo. Aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini naye anaweza kuonekana katumia jamii ya heroini, kwa sababu mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini. Sasa mtoto ajitetee vipi bila kumtajia mwalimu wa nidhamu ugonjwa ambao hata rafiki zake hawaujui?

Hata kusoma majibu kuna mtego. Tumezoea kipimo cha malaria: mistari miwili, unaumwa. Kwenye kipimo cha dawa za kulevya ni kinyume. Mistari miwili ni salama, na mstari mmoja wa uhakiki ukibaki peke yake ndio unaoashiria dawa. Tena hilo ni jibu la awali tu. La uhakika linahitaji mitambo ya maabara kubwa kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na sijaona bajeti ya shule inayofika huko.

Halafu kuna suala la muda. Mabaki ya bangi hukaa kwenye mkojo siku chache kwa aliyeonja mara moja, na hata mwezi kwa mvutaji wa kila siku. Heroini hupotea kwa siku mbili tatu, pombe kwa saa kadhaa. Aliyevuta likizo anaweza kunaswa, aliyelewa juzi akapita. Gundi na petroli havimo kabisa kwenye vikombe vya kawaida. Kwa mkoa wa zabibu na pombe ya mtama, mimi ningeanza na pombe.

Na mkojo wenyewe unatolewaje? Ili mtu asiongeze maji wala kuazima wa mwenzake, lazima mtu mzima asimame mlangoni, au ndani. Fikiria binti wa kidato cha pili.

Marekani, Mahakama ya Juu iliruhusu kupima wanamichezo wa shule mwaka 1995, na mwaka 2002 ikaongeza wote walio kwenye shughuli za nje ya masomo. Chama cha madaktari wa watoto wa huko bado hakiungi mkono upimaji huo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayohesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tuna na kumbukumbu yetu: wasichana walipimwa mimba shuleni, jibu likawa tiketi ya kufukuzwa, hadi serikali ilipowaruhusu kurudi Novemba 2021.

Kwa hiyo shule ikitaka kupima, nitauliza kwanza: sampuli ya pili ya kuhakiki jibu inapelekwa wapi, majibu anayashika nani, na mtoto akikutwa na dawa mwilini anapelekwa kwa wataalamu wa hospitali ya afya ya akili ya Mirembe au getini?