Moto wa seli za kinga hauui kila kimelea

Kwa miaka mingi tumefundishwa hivi: makrofaji, yaani seli ya kinga inayomeza vijidudu, ikimmeza kimelea, humwagia superoksidi na haidrojeni peroksaidi, kemikali kali za oksijeni, naye hufa. Basi kadiri kemikali hizo zinavyozidi, ndivyo mgonjwa anavyokuwa salama. Nusu ya kwanza ina ukweli mwingi. Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro.

Mtazame Trypanosoma cruzi, kimelea wa ugonjwa wa Chagas, aliyeelezwa na Carlos Chagas nchini Brazil mwaka 1909. Anaishi ndani ya seli zilezile zinazopaswa kumwangamiza, na ana vimeng'enya vyake vya kuzima peroksaidi. Katika majaribio ya panya, dawa zilizopunguza msongo wa oksidi, yaani kuzidi kwa kemikali hizo kali, zilipunguza vimelea. Paraquat, sumu ya magugu inayouongeza msongo huo, iliwazidisha. Kinyume kabisa cha tulivyotarajia!

Maelezo yanayoaminika zaidi ni madini ya chuma. Msongo wa oksidi huyatoa kwenye hifadhi za seli, na kimelea huyahitaji ili azaliane. Makrofaji zilipoongezewa chuma, vimelea waliongezeka. Chuma kilipofungwa kwa kemikali, walipungua.

Si kwamba kemikali hizo za oksijeni hazina kazi. Superoksidi ikikutana na naitriki oksaidi, gesi ambayo makrofaji pia huitengeneza, huzaa kemikali iitwayo peroksinaitriti, na hiyo humuua hata T. cruzi. Kwa Leishmania pia, kimelea mwingine anayeishi ndani ya makrofaji, naitriki oksaidi ni silaha kubwa. Kiasi, wakati na aina ya kimelea ndivyo huamua. Wala matokeo ya panya hayampi mtu ruhusa ya kujitibu Chagas kwa vidonge vya vitamini vya kupunguza msongo wa oksidi. Dawa zake ni benznidazole na nifurtimox.