Singer ya bibi na Singer ya leo: tofauti iko kwenye gia

Mtu akitaka cherehani huanza na jina: "Nitafutie Singer." Swali langu la kwanza huwa: Singer ya miaka gani? Jina hilo lipo tangu 1851, ila mashine zilizolibeba si za ukoo mmoja.

Angalia 15K, modeli ya zamani ya Singer. Hiyo K ni Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Scotland. Kichwa, yaani mashine yenyewe bila meza, ni chuma cha kusubu chenye uzito wa zaidi ya kilo 10, na hakuna gia ya plastiki humo ndani. Orodha ya spea ilikuwa na namba ya kila skrubu. Kitabu cha mwenye mashine kilichora mishale inayoelekeza kila tundu la kutilia mafuta. Kwa maneno mengine, kampuni ilitegemea kwamba utaifungua, na kwangu mimi huduma kwa mteja ilianzia hapo.

Mambo yalibadilika kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Wajapani walikuwa wameshaingia Marekani na mashine nzuri za zigizagi kwa bei ya chini, na nguo za dukani zilikuwa zimewapunguzia watu hamu ya kushona nyumbani. Singer nayo ilikuwa ikipeleka fedha kwingine: mwaka 1963 ilinunua Friden, watengenezaji wa mashine za kukokotoa, na 1968 ikanunua General Precision iliyotengeneza vyombo vya kufundishia marubani. Kwenye cherehani zikaanza kuwekwa gia za nailoni. Kiwanda cha Clydebank kilifungwa 1980, na kile cha mji wa Elizabeth kule New Jersey 1982. Jina likauzwa na kuuzwa tena, kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi 1999, na tangu 2006 Singer, Pfaff na Husqvarna Viking ziko chini ya kampuni moja.

Gia ya nailoni si ujinga mtupu. Haina kelele, ni nyepesi, na kitambaa kikikwama huvunjika yenyewe badala ya kupinda shafti. Tatizo ni umri. Nailoni hukauka na kupasuka hata mashine ikiwa kabatini imefunikwa vizuri, na ufa huanzia kwenye shina la jino, mahali ambapo jicho halifiki haraka. Dalili ni hizi: mlio wa tak-tak kila mzunguko, kisha mashine inaruka mishono, kisha sindano inagonga kulabu, ile ncha ya chini inayodaka uzi wa juu. Ukiendelea kushona jinzi ikiwa hivyo, vipande vya meno vitatapakaa ndani.

Kuirekebisha, badilisha gia zote mbili zinazoshikana, usibadilishe iliyovunjika pekee. Mpya ikisagana na kuukuu haidumu. Safisha grisi ya zamani yote, maana iliyoganda ndiyo inayoongeza mzigo. Paka grisi nyeupe nyepesi, tabaka jembamba tu. Halafu rudisha taimingi, yaani sindano na kulabu vikutane kwa wakati wake: shusha sindano hadi chini kabisa, zungusha gurudumu ipande kama milimita 2.3. Hapo ncha ya kulabu iwe katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu lake, karibu iiguse lakini isiiguse. Mafundi wengi huweka gia kwa usahihi halafu wakaharibu hapa, kisha gia ikalaumiwa.

Modeli za sasa za "Heavy Duty", kama 4423, zina fremu ya chuma na hupiga mishono 1,100 kwa dakika. Fremu ni chuma kweli. Gia si zote. Waranti ya miaka 25 inayotangazwa Marekani nayo isome hadi mwisho: 25 ni ya kichwa, mota na nyaya ni miaka 2, marekebisho na mikanda mwaka 1. Mtu anayeshona sare za shule kutwa nzima ataumaliza mwaka huo mmoja kabla hajaujua.

Ukikuta 15K kuukuu imekaza, usiikimbie. Mara nyingi kilichoikaza ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa na mtu akaganda kama gundi. Vua mkanda, tia tone la mafuta ya taa kila tundu, zungusha kwa mkono bila uzi, acha usiku kucha, rudia. Ikilegea, futa, tia mafuta halisi ya cherehani. Gurudumu likizunguka kwa kidole kimoja, umepata mashine.

Spea zake zimejaa madukani kwa sababu cherehani za Butterfly na nyingine nyingi za Kichina zinazouzwa kwetu zimeigwa kutoka umbo hilo hilo la 15, na sindano na bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) zinaingiliana. Angalizo moja: 201K, modeli nyingine ya Singer ambayo watu huiita ndugu yake, inatumia bobini ya aina ya 66. Ya 15 ni bapa kabisa pande zote mbili. Ya 66 imebenuka kidogo. Ukizichanganya uzi wa chini unajikunja, na utakesha ukigeuza skrubu ya kubana uzi ambayo haina kosa lolote. Weka bobini juu ya kioo: ikicheza, ni ya 66.