Hakuna Kamba ya Kuvuta: Dhana Potofu Kuhusu Askari wa Miamvuli wa Kanada

Safari hii alikuwa kijana wa Nakuru anayesoma chuo huku Ontario, amekuja na wenzake watatu kujifunza kuruka. Sijamaliza hata kumkaza mikanda ya mapajani, ananiambia, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi na mimi. Babu ya rafiki yangu aliruka Normandy, Ufaransa, na Wakanada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siri yote ni kujua wakati wa kuvuta kamba." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Nafundisha watu wanaoruka kwa mara ya kwanza. Majira ya baridi, ndege zikilala, nafunga miamvuli na kusoma habari za vikosi vya miamvuli vya nchi hii. Habari ya kamba nimeisikia kwa wanafunzi, kwa dereva wa teksi, na hata msibani. Nimechoka. Akija mwingine nitampa asome hapa kwanza, mikanda baadaye.

Dhana: Askari wa mwamvuli huruka, huelea angani, kisha huvuta kamba mwenyewe

Havuti kitu. Mwamvuli mkuu anaubeba mgongoni, na kwenye mkoba wake imeshikizwa kamba bapa ya utepe mgumu, yapata meta nne na nusu, yenye kulabu mwishoni. Ndani ya ndege umekazwa waya wa chuma kutoka mbele hadi nyuma. Amri ikitolewa, kila mmoja anapachika kulabu yake kwenye waya na kuivuta kuhakikisha imekamata. Anamkagua mgongoni aliye mbele yake, huku naye akikaguliwa na aliye nyuma, kisha safu inasogea mlangoni. Akishatoka, uzito wa mwili wake ndio unaokaza kamba. Kamba inafungua mkoba, mwamvuli unachomoka, kishikizo cha mwisho kinakatika, na kamba inabaki inapigapiga ubavu wa ndege. Muda huo wote yeye amebana kidevu kifuani na miguu pamoja, mikono iko juu ya mwamvuli wa akiba, na anahesabu. Hesabu ikiisha hajasikia mshtuko mabegani, hapo ndipo anashika mpini, na mpini wenyewe ni wa ule wa akiba.

Kwa nini iwe hivyo? Piga hesabu. Kwenye mazoezi askari huruka kutoka kama meta 300, na vitani chini ya hapo, maana kadiri anavyoning'inia muda mrefu ndivyo anavyolengwa vizuri. Mtu akidondoka meta 300 bila mwamvuli anafika chini kwa sekunde nane au tisa hivi. Sasa chukua kijana wa miaka 20, usiku, ana bunduki, risasi, koleo na chakula cha siku mbili, upepo wa injini umemgeuza kichwa chini, halafu umwachie yeye ndiye akumbuke kuvuta. Nusu ya kikosi ungeiokota kwa machela.

Na huyo babu wa Normandy ndiye anayenimaliza kabisa. Batalioni ya Kwanza ya Miamvuli ya Kanada iliidhinishwa tarehe 1 Julai 1942, wakati Kanada haikuwa na shule hata moja ya kuruka. Wa kwanza wakapelekwa kwa wenye shule. Wengine walikwenda Ringway, karibu na Manchester, Uingereza, na wengine Fort Benning, Georgia, Marekani. Walimu hao wawili hawakufundisha kitu kimoja.

Mmarekani alimtoa mtu mlangoni. Alimpa mwamvuli wa akiba kifuani, na kabla ya ndege alimpandisha kwenye minara ya futi 250 ili azoee kushuka. Mwamvuli wake ulitangulia kufunguka kitambaa, nyuzi zikafuata, kwa hiyo ulikunyakua mabegani kwa kishindo. Mwingereza alitanguliza nyuzi, kitambaa kikaja mwisho, na mshtuko ukawa mdogo. Lakini hakutoa mwamvuli wa akiba kabisa. Mruko wa kwanza ulikuwa kwenye kikapu cha puto, kupitia tundu la sakafuni, na ndege nyingi za awali nazo zilikuwa na tundu hilohilo. Ukiinama mbele kidogo au ukijisukuma kwa nguvu, uso unakutana na ukingo wa upande wa pili. Waingereza waliita kugonga kengele. Pua nyingi zilivunjika kwa kengele hiyo.

Batalioni ilipofika Uingereza katikati ya 1943 na kuwekwa chini ya Divisheni ya 6 ya Anga ya Waingereza, waliotoka Fort Benning ilibidi wajifunze upya kwa mwamvuli wa Kiingereza. Wakavuliwa ile akiba ya kifuani waliyoizoea. Kwa hiyo mwanangu wa Nakuru, kama babu huyo kweli aliruka Normandy, hakuwa na mpini wowote wa kuvuta. Si wa mgongoni, si wa kifuani. Alikuwa na kamba iliyopachikwa kwenye ndege, na Mungu wake.

Kifo kinachokumbukwa zaidi cha siku za mwanzo nacho hakikuhusu kuvuta. Septemba 1942, huko Fort Benning, Meja Hilton Proctor aliyeongoza kundi la Wakanada aliruka mruko wake wa kwanza. Mwamvuli ulifunguka sawasawa. Ndege iliyofuata ikapita karibu mno na kukata nyuzi zake. Ndiyo maana mwalimu yeyote mwenye akili anakazania mpangilio wa ndege na nafasi kati ya warukaji kuliko anavyokazania ushujaa wako.

Wapo wanajeshi wanaovuta wenyewe, wanaoruka kutoka juu sana wakiwa na mitungi ya oksijeni. Hao ni wachache, na hufanya kozi nyingine baada ya hii. Ndio unaowaona kwenye sinema.

Dhana: Mwamvuli ukishafunguka, kazi imekwisha

Hapo ndipo inapoanza. Mwamvuli wa duara wa kijeshi hukushusha kwa kasi ya meta tano au sita kwa sekunde. Ni kama kuruka kutoka juu ya ukuta wa kimo chako, huku umebeba begi la safari, na huoni unapotua. Kutoka mlangoni hadi ardhini ni chini ya dakika moja. Muda wa kutazama mandhari haupo, na kuuongoza mwamvuli wa aina hiyo ni kwa kiasi kidogo tu.

Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mafunzo haina ndege. Tangu shule ya Shilo, Manitoba, iliyofunguliwa wakati wa vita ili Kanada iache kutuma vijana nje, hadi Rivers katika mkoa huohuo baada ya vita, kisha Edmonton kuanzia 1970 na Trenton kuanzia 1996, kuruta kwanza anafundishwa kuanguka. Anaruka kutoka kwenye jukwaa fupi hadi kwenye vumbi la mbao, kulia, kushoto, nyuma, mara mia. Mwili unagusa ardhi kwa zamu: nyayo, shavu la mguu, paja, tako, kisha ubavu wa mgongo. Kishindo kinagawanywa sehemu tano badala ya kuachiwa kifundo kimoja.

Adui wa mpango huo ni mguu unaotangulia. Mtu akiiona ardhi inamjia, mguu mmoja unanyooka wenyewe kuitafuta, kama anayeshuka ngazi gizani. Mguu huo ndio unaovunjika. Kwa hiyo dawa yangu ni moja, na wanafunzi wananicheka nayo: kandambili. Nyumbani, weka kandambili katikati ya magoti, panda kwenye stuli ya jikoni, tazama ukuta wa mbele, ruka. Kandambili ikidondoka, rudia. Ikikaa mara ishirini mfululizo, njoo tuzungumze habari za ndege. Na usitazame chini! Macho yakienda chini, goti linafuata. Kijana wa Nakuru kandambili ilimdondoka mara kumi na nne. Wenzake waliacha kutikisa vichwa.

Dhana: Siku ya Normandy walioruka ni Wamarekani na Waingereza

Wakanada zaidi ya 500 waliruka usiku wa kuamkia 6 Juni 1944, mashariki ya mto Orne. Kompani C ilitangulia kusafisha uwanja wa kutua, ikaingia Varaville, na wengi wao walitoka kwa lile tundu la sakafuni, kwenye ndege za Albemarle. Wengine walikabidhiwa njia panda ya Le Mesnil na daraja la Robehomme, lililolipuliwa kama ilivyopangwa. Wengi walitawanywa mbali na shabaha, na baadhi wakaangukia mabonde ya mto Dives yaliyofurishwa maji na Wajerumani. Askari mwenye mzigo mzito akitua kwenye maji ya kiunoni, kitambaa kikamfunika, hapo hakuna kozi inayotosha. Walipigana Normandy hadi Septemba kama askari wa kawaida wa miguu.

Tarehe 24 Machi 1945 waliruka tena, ng'ambo ya mto Rhine, mchana kweupe. Kamanda wao, Luteni Kanali Jeff Nicklin, alinasa mtini na kuuawa akiwa ananing'inia. Siku hiyohiyo Koplo Frederick Topham, mhudumu wa majeruhi, alipigwa risasi ya pua akaendelea kubeba wenzake, na baadaye akawatoa watu watatu kwenye gari lililokuwa linawaka moto. Alitunukiwa Nishani ya Victoria, ile ya juu kabisa ya ushujaa. Tangu siku hiyo hakuna batalioni ya Kanada iliyoruka vitani. Mwisho wa Septemba 1945 batalioni ikavunjwa.

Dhana: Kile kikosi cha pamoja cha Wamarekani na Wakanada kilishuka kwa miamvuli Italia

Kilifunzwa kuruka, huko Helena, Montana, 1942, tena kwa haraka: miruko miwili, mtu anapewa mabawa, ile nembo ya kifuani ya mrukaji aliyefuzu. Vitani hakikuruka hata mara moja. Mlima wa La Difensa, Desemba 1943, waliupanda kwa mikono na kamba, usiku, mvua inanyesha. Hiyo ndiyo kamba waliyovuta.

Dhana: Anayeogopa husukumwa nje

Anayekataa mlangoni anaondolewa kwenye safu na kurudishwa kikosini kwake. Mtu anayesukumwa hutoka vibaya, hujinyonganyonga kwenye nyuzi, na huhatarisha anayemfuata. Hata wakati wa vita walikuwa ni wa kujitolea.

Dhana: Ni kazi ya wanaume tu

Wauguzi wanawake wa Jeshi la Anga la Kanada walikuwa wanaruka kwa miamvuli kwenda kuokoa walioanguka na ndege porini, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tuendelee.

Dhana: Baada ya Somalia, Kanada ilifuta askari wa miamvuli

Hili huulizwa zaidi na watu wetu, na sishangai, maana lilitokea jirani. Rejimenti ya Anga ya Kanada (Airborne), yaani ya askari wa miamvuli, iliundwa 1968 na ilifika Somalia mwishoni mwa 1992, kituo chake kikiwa Belet Huen. Haikushuka kwa mwamvuli. Ilifika kwa ndege za kawaida na ikafanya doria kwa magari ya deraya. Usiku wa 16 Machi 1993 askari wake walimtesa hadi kumuua Shidane Arone, kijana wa miaka 16 waliyemkamata kambini. Mauaji hayo, pamoja na kanda za video za vitendo vya aibu ndani ya rejimenti zilizoonyeshwa Januari 1995, ndiyo yaliyoimaliza. Ilivunjwa Machi 1995.

Kilichovunjwa ni rejimenti. Ujuzi haukuvunjwa. Kompani za miamvuli ziligawanywa kwenye batalioni tatu za miguu, na shule ikahamia Trenton, inakofundisha hadi leo. Msomali mmoja mtu mzima aliwahi kuniambia kwamba kama wangefuta mwamvuli wenyewe, Arone asingefufuka. Nilinyamaza. Ila sipendi mtu anaposimulia habari za Airborne kwangu na kuruka juu ya jina hilo.

Dhana: Mwenye mabawa kifuani ni komando

Fupi, kwa sababu hii nayo ilinikuta mwezi uliopita. Mabawa ya mrukaji wa Kanada yana lile jani la kwenye bendera katikati. Jani jekundu maana yake mtu amefuzu kozi. Jani jeupe maana yake ametumikia kwenye kikosi cha miamvuli. Mteja mmoja alikuja na jaketi la mtumba lenye mabawa ya jani jekundu, akaanza kuwaelekeza wenzake namna ya kutoka mlangoni. Nikamweleza tofauti ya rangi mbele yao. Akalitazama lile jani muda mrefu, kisha akaniuliza kama fundi cherehani anaweza kulibadilisha. Nikampa kandambili.