Goma hatuchimbi kave

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mama aliyekaa Ubelgiji miaka mingi na sasa anajenga Himbi, mtaa wa hapa Goma. "Fundi, kave utaiweka wapi?" Nikamwambia chumba cha chini ya ardhi hakitakuwepo. Akanyamaza, kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: "Basi nyumba haitakuwa na pa kuweka vitu."

Kave yenyewe kwanza. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na leo tunajenga juu yake. Kushuka mita mbili na nusu katika mwamba ule kutakula pesa za mabati yako yote. Hata ungekuwa nazo, nisingekuchimbia, kwa sababu ya mazuku. Ile gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kwenye nyufa haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara 1.5, kwa hiyo hutuama penye bonde kama maji. Sasa wewe unataka kutengeneza bonde, ulifunike, uwe unamtuma mtoto humo akalete viazi. Si kila parseli, yaani kiwanja, ina mazuku, najua. Upande wa magharibi, kuelekea ziwa dogo la Lac Vert, ndiko yanakojulikana zaidi. Ila ufa hauonekani mpaka uufungue. Na wale wanaoniambia watashuka na mshumaa, ukizimika watoke: gesi hii humdhuru mtu kabla mwali haujafa. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, chupa ikivuja itashuka humo humo. Kave nimemaliza.

Mteja akikubali hapo, hukimbilia depo, yaani stoo. "Basi nipe chumba kimoja kikubwa, mita tatu kwa tatu, tutaweka kila kitu." Hapa ndipo ninapochoka. Nimeingia katika depo nyingi za aina hiyo na zote zinafanana. Gunia la maharagwe limeegemea ukuta, mbele yake masanduku ya safari, mbele ya masanduku magodoro ya wageni, na mlangoni bidoni za maji kwa sababu hazikupata njia ya kuingia. Mita tisa za mraba, na mwenye nyumba anatumia ile moja iliyo karibu na mlango. Nafasi ya vitu haipimwi kwa sakafu. Pima ubao ambao mkono unaufikia bila kuhamisha kitu kingine.

Chukua korido uliyokuwa unaijenga kwa upana wa mita 1.20, uipe 1.50. Kwenye ukuta wenye urefu wa mita nne, piga etajeri, yaani rafu, ya kina cha sentimita 30, mbao tano juu kwa juu. Umekula mita 1.2 za mraba za sakafu tu, na umepata mita 20 za ubao ambao kila kitu juu yake unakiona. Mafuta, sabuni, unga wa kilo chache, vyombo, daftari za watoto: karibu vyote vinaingia katika sentimita 30. Mafundi wa mbao watakusukuma kwenye 60 kwa sababu wanakata tripleksi (plaiwudi) katikati na kumaliza haraka. Kataa. Ubao wa 60 una safu ya nyuma, na safu ya nyuma husahaulika. Nyumba moja ya Katindo tulipotoa vitu ili kupaka rangi, tulikuta sabuni ya miaka kadhaa nyuma ya sabuni mpya, na mama wa nyumba alikuwa ametoka kununua nyingine asubuhi ile.

Kina cha 60 kina kazi yake: masanduku, mablanketi, viti vya plastiki vilivyopangwa, na yale masufuria makubwa ya misiba na harusi. Kabati moja la namna hiyo linatosha, na liwe mbali na jikoni, maana vitu hivyo huvigusi kila wiki.

Juu ya plafoni, yaani dari, usiweke kitu. Vile vijiti vilipigwa vibebe tripleksi, havikupigwa vibebe magunia. Chini ya kitanda ni pazuri, mradi kitanda kiinuliwe sentimita 40. Makala, yaani mkaa, yakae nje chini ya paa, juu ya mbao, yasiguse ardhi.

Maji ndiyo watu wanayoyasahau kwenye mchoro, kana kwamba bomba halikatiki. Bidoni kumi za lita 20 ni kilo 200. Huziweki juu ya etajeri. Mimi huacha shubaka chini ya meza ya jikoni, sakafu ya simenti yenye mteremko kuelekea nje, na upana wa kuingiza bidoni bila kuinama mara mbili.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua. Chakula kinahitaji hewa, la sivyo unyevu wa masika utaozesha unga. Nikiacha tundu la hewa, panya anaingia. Nimeweka wavu wa chuma. Kwenye nyumba mbili ulishika kutu mapema mno, na mvua yetu iliyopita kwenye moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo haina huruma na chuma. Sasa naweka matundu madogo juu kabisa, karibu na paa, lakini siwezi kukuapia kwamba hewa inazunguka vya kutosha chini.

Mama wa Himbi nilimwomba kitu kimoja: asiniambie anataka vyumba vingapi, aniletee vipimo vya vitu alivyo navyo. Alikasirika kidogo. Jana akaja na karatasi iliyojaa pande zote mbili. Sufuria lake kubwa kuliko yote lina upana wa sentimita 64. Kabati langu lilikuwa la 60. Nimelisogeza hadi 70, na ukuta wa choo umesogea nao.