Kanabinoidi za hempu hufanyaje kazi mwilini?

Kanabinoidi ni kemikali ambazo mmea wa bangi huzitengeneza, hasa kwenye utomvu wa maua yake. Zimeshatambuliwa zaidi ya 100, ila zinazotajwa kila siku ni mbili: THC, inayolewesha, na CBD, isiyolewesha. Hempu, yaani bangi ya viwandani inayolimwa kwa ajili ya nyuzi, mbegu na mafuta, ni mmea uleule wenye THC kidogo sana. Kidogo kiasi gani? Hilo huamuliwa na sheria. Marekani iliweka mpaka wake mwaka 2018: THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu wa mmea.

Kwa nini kemikali ya mmea ipate pa kushika ndani ya mwili wa mtu? Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga THC huko Israeli mwaka 1964, lakini ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya kujulikana inashika wapi. Mwaka 1988, nchini Marekani, Allyn Howlett na mwanafunzi wake William Devane walionyesha kwamba ubongo una kipokezi chake: protini iliyokaa kwenye utando wa seli, ikisubiri kemikali ya umbo fulani. Kikaitwa CB1. Sasa mwili haukukiweka kipokezi hicho ukingoja siku mtu avute bangi. Lazima ulikuwa na kemikali yake wenyewe. Mwaka 1992 kikosi cha Mechoulam mjini Yerusalemu, Devane akiwamo, kikaipata na kuipa jina la anandamidi. Mwaka uliofuata kikatambuliwa kipokezi cha pili, CB2, ambacho kimejaa zaidi kwenye seli za kinga.

Kazi ya mfumo huu ni kutuliza. Kwa kawaida neva hupashana habari kuelekea upande mmoja: ya kwanza inamwaga kemikali, ya pili inapokea. Kanabinoidi za mwili hurudi kinyumenyume. Neva inayopokea ikizidiwa, hutengeneza kanabinoidi papo hapo kutokana na mafuta ya utando wake, nazo huirudia neva inayotuma na kubonyeza CB1 iliyoko pale. Neva hiyo hupunguza kumwaga. Ni kama mgeni wa harusini aliyekaa karibu na spika anavyompungia mkono fundi wa muziki ashushe sauti. Kisha vimeng'enya huivunja anandamidi haraka, na mambo yanaendelea.

THC huingia hapo hapo, kwenye CB1. Tofauti ni kwamba anandamidi hutolewa sehemu inayohitajika, kwa muda mfupi, ilhali THC hufika kila mahali kwa pamoja na haivunjwi upesi. Ukijua CB1 zimekaa wapi, dalili za mlevi wa bangi hazikushangazi tena. Ziko nyingi kwenye sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, ndiyo maana mtu anaanza sentensi na kusahau alikuwa anaelekea wapi. Ziko kwenye sehemu zinazoratibu mwendo, kwa hiyo hatua zinayumba. Ziko kwenye sehemu inayosimamia njaa, na sufuria ya ugali inaisha. Kwenye shina la ubongo linaloendesha upumuaji ziko chache, na hiyo ni sababu moja ya THC kutozima pumzi kama heroini inavyofanya.

CBD ni habari nyingine, na hapa ndipo maelezo mengi ya wauzaji yanapopotoka. Watu huambiwa kwamba CBD "inaingia kwenye vipokezi vya kanabinoidi". Kwa kweli inavishika kwa udhaifu mno. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba hugusa vitu vingi tofauti: hukibadilisha kidogo kipokezi cha CB1 ili THC isikibonyeze sawasawa, huathiri kipokezi kimoja cha serotonini (kemikali ya ubongo inayohusika na hisia), na huamsha TRPV1, kipokezi kilekile kinachotufanya tuhisi ukali wa pilipili. Kemikali inayogusa milango mingi hivyo ni rahisi kuipamba kuwa dawa ya kila ugonjwa. Ushahidi ulio imara zaidi uko kwenye kifafa: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, CBD iliyosafishwa, kwa ajili ya aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Mwaka 2020 ikaongeza kifafa cha tuberous sclerosis, ugonjwa wa kijeni unaoleta vivimbe mwilini.

Tazama dozi yake. Mtoto wa kilo 20 akipewa miligramu 10 kwa kila kilo, anakunywa miligramu 200 kwa siku. Sasa chukua kichupa cha mililita 30 kilichoandikwa miligramu 500. Tone moja lina kama miligramu 0.8. Mwenye kudondosha matone kumi asubuhi amepata miligramu 8 hivi, na akiyameza, sehemu kubwa haitafika kwenye damu. CBD hupenda mafuta na huchukia maji, kwa hiyo utumbo huinyonya kwa shida, na ile inayonyonywa hupitia ini kwanza na kuchakatwa. Ukiimeza pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka takriban mara nne. Dozi ileile, majibu mawili tofauti.

Ini hilohilo ndilo la kuchungwa. Vimeng'enya vinavyoichakata CBD huchakata pia dawa nyingine nyingi, na CBD huvibana. Dawa ya kifafa ya clobazam ikitumiwa pamoja na CBD, kile inachogeuka baada ya kuchakatwa hurundikana kwenye damu, na mgonjwa anasinzia kupita kiasi. Kiwango cha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kinaweza kupanda. Anayetumia valproate, dawa nyingine ya kifafa, pamoja na CBD ya dozi kubwa hupimwa ini mara kwa mara. "Ni mmea tu" si jibu la kumpa daktari.

Halafu kuna THC iliyojificha. Asilimia 0.3 inasikika kama si kitu, lakini peremende ya gramu 4 yenye kiwango hicho ina miligramu 12 za THC, na hizo zinamtosha kabisa mtu asiyezoea kulewa. Viwanda vingine viliigeuza CBD ya hempu kuwa delta-8 THC, aina nyingine ya THC, kwa kutumia asidi, nayo hulewesha. Novemba 2025 Marekani ilipitisha sheria ya kuziba mwanya huo wa bidhaa za hempu zinazolewesha. Na utafiti uliochapishwa 2017 ulipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni: zenye lebo sahihi zilikuwa asilimia 31 tu, na bidhaa 18 kati ya hizo 84 zilikutwa na THC.

Kwa wanariadha hilo lina uzito wa pekee. WADA, shirika la dunia la kupambana na matumizi ya dawa zilizokatazwa michezoni, iliiondoa CBD kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku mwaka 2018, lakini kanabinoidi nyingine zimebaki marufuku wakati wa mashindano. Mkimbiaji aliyepaka au kunywa CBD ya kutuliza misuli, kisha mkojo wake ukakutwa na THC kupita kiwango, anawajibika yeye, hata kama lebo iliandika sifuri.