Digrii ninayo, msingi nifundishe kesho? Yanayosemwa na yalivyo kweli

"Watoto wa darasa la kwanza watanishinda nini, mimi mwenye digrii?"

Kauli hii utaisikia Mwanjelwa, Mbeya, utaisikia Iringa mjini, na mara nyingi anayeisema hajawahi kukaa na watoto wa miaka sita kwa nusu saa mfululizo.

Tuanze na sheria. Shahada ya sosholojia, ya utawala au ya biashara haimfanyi mtu mwalimu, hata kama ufaulu wake ni wa daraja la kwanza. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inataka anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu au awe na leseni ya kufundisha, na usajili unaendana na mafunzo ya ualimu. Aliyesoma shahada ya ualimu, tuseme pale Mkwawa, Iringa, mafunzo hayo ameyapata humo humo ndani ya shahada yake. Aliyesoma kitu kingine, njia yake ya kawaida ni Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ile ambayo wengi wanaiita PGDE, ambayo huchukua kama mwaka mmoja. Chuo Kikuu Huria wanayo na wana vituo Mbeya na Iringa, kwa hiyo si lazima mtu aache shughuli zake akahamie Dar.

Sasa tuje darasani, maana hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Shahada nyingi za ualimu humwandaa mwalimu wa sekondari. Anasoma masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano Historia na Jiografia, na mbinu za kuyafundisha kwa kijana ambaye tayari anajua kusoma. Mpeleke mwalimu huyo darasa la kwanza huko Umalila, vijijini Mbeya, mwezi wa kwanza. Baadhi ya watoto nyumbani wanaongea Kimalila, na Kiswahili wanakisikia zaidi shuleni. Kazi iliyo mbele yake ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mgeni huanza kwa kuandika a mpaka z ubaoni. Baada ya wiki mbili watoto wanaimba alfabeti vizuri kabisa, ila ukiandika "bata" hakuna anayeisoma. Mwalimu aliyefundishwa kazi hii anaanza na sauti. Anaitoa sauti ya b yenyewe, watoto wanaifuata, anaiunganisha na a, inakuwa "ba", na "bata" inakuja baadaye ikiwa imeshajengwa silabi kwa silabi.

Hisabati nayo ni vivyo hivyo. Umeandika 42 kutoa 17, mtoto anakuletea 35. Mwenye haraka anaweka kosa jekundu na kupita. Mwenye jicho anaona mtoto kafanya nini: 7 kutoa 2 ni 5, kisha 4 kutoa 1 ni 3. Amezoea kutoa kidogo kwenye kikubwa, basi kaendelea hivyo hivyo. Dawa yake ni vijiti. Mafungu manne ya kumi kumi yawekwe mezani, na viwili pembeni. Fungua fungu moja watoto wakiona, sasa pembeni vipo 12. Toa saba, vinabaki vitano. Mafungu yaliyobaki ni matatu, toa moja, mawili. Jibu ni 25, na mtoto ameligusa kwa mkono wake. Mwalimu wa Daraja la III A, yaani aliyesoma cheti cha miaka miwili, anaijua kazi hii kuliko wahitimu wengi wa chuo kikuu, na ukipangwa naye shule moja, mwombe ukae nyuma ya darasa lake uangalie. Wapo wanaoona aibu kufanya hivyo. Hasara wanaipata watoto.

"Mwenye digrii akienda msingi ameshushwa cheo, na mshahara unapungua."

Hapana. Mshahara wa mwalimu wa serikali unafuata elimu na cheo chake, hauulizi anafundisha darasa la ngapi. Ngazi za mshahara wa walimu huitwa TGTS: anayeanza na cheti anaingia TGTS B, stashahada TGTS C, shahada TGTS D. Mwaka 2018 serikali ilikuwa ikiwahamishia msingi walimu wa masomo ya sanaa waliozidi sekondari. Kelele zilikuwa nyingi, lakini kuhama shule hakukuwa kuhama ngazi ya mshahara.

Jambo la kuangalia ni tangazo la kazi. Nafasi huandikwa kwa daraja, Mwalimu Daraja la III A, B au C, pamoja na elimu na somo linalotakiwa. Digrii ya Historia haikupi nafasi iliyotangazwa kwa mwenye stashahada ya elimu ya msingi kwa sababu tu digrii iko juu zaidi. Soma sifa mpaka mstari wa mwisho kabla ya kubonyeza chochote.

"Nimehitimu ualimu, basi nimesajiliwa. Nimesajiliwa, basi nina ajira."

Hapa watu huchanganya ofisi tatu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inashughulika na walimu walio kwenye utumishi wa umma: kuwathibitisha kazini, kuwapandisha vyeo, nidhamu zao. Kama hujaajiriwa na serikali, huna faili huko. Bodi ya Kitaaluma ya Walimu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, na kazi yake ni taaluma yenyewe, yaani kusajili walimu na kutoa leseni, wa serikali na wa binafsi. Ajira ya serikali ni habari nyingine kabisa, iko kwa Sekretarieti ya Ajira. Kupita mlango mmoja hakukufungulii mwingine.

Na hiyo leseni ina historia inayowachanganya wazee wetu. Miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipofunguliwa kwa wingi, vijana waliomaliza kidato cha sita walipigwa msasa kwa wiki chache wakapewa leseni ya kufundisha. Mtaani wakaitwa "voda fasta". Ndiyo maana ukimwambia baba mkubwa unafuatilia leseni ya ualimu, anaweza kukuuliza kwa huruma kama chuo ulifeli. Leseni inayotajwa kwenye sheria ya 2018 ni ya mwalimu mwenye sifa kamili.

"Nasubiri TAMISEMI watoe majina."

Utasubiri sana. Zamani mhitimu aliomba kupitia mfumo wa TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, majina yakatoka na vituo vya kazi, mtu akafunga mabegi bila kuulizwa swali. Kuanzia mwaka 2024 maombi yanapita Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, na kuna usaili. Katika usaili wa walimu wa mwanzoni mwa 2025, waombaji walizidi laki mbili huku nafasi zikiwa hazifiki elfu kumi na tano. Kwa hesabu hiyo, anayeingia kwenye usaili akitegemea GPA peke yake ana kazi ngumu.

Kinachokera zaidi ni wanaokwama kabla hata ya usaili, kwa majina tu. Cheti cha kidato cha nne kinasema Atupele, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Atupelye, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo halipo kwingine kote. Shughulikia hayo sasa, wakati hakuna tangazo. Tangazo likitoka, foleni za kurekebisha majina zinakuwa ndefu na siku za kutuma maombi zinahesabika. Aliyesoma nje ya nchi apate kwanza uthibitisho wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada yake.

"Shule binafsi hawaangalii mambo hayo, wanataka Kiingereza tu."

Kiingereza kizuri kitakufikisha kwa mwenye shule. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija, wanaomba mafaili ya walimu, na sheria ni ile ile.

"Nikijitolea shule ya kijijini kwetu, nafasi ikija ni yangu."

Mwalimu mkuu anaweza kukupenda, kamati ya shule ikakuchangia mahindi na nauli, wazazi wakakuita mwalimu barabarani. Bado nafasi haitoki kwao. Faida ya kujitolea ni mazoezi halisi, na barua ya utambulisho inayoeleza umefundisha nini na kwa muda gani, kwa hiyo idai kabla hujaondoka. Ila usikubali miaka ipite ukiwa na ahadi ya mdomo.

Na ukipita usaili, jina likitoka, usishangae kuona Makete au Ludewa, kwenye baridi la Njombe, badala ya Jiji la Mbeya. Nenda ukaripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri ndani ya siku ulizopewa, ukiwa na vyeti halisi, namba ya NIDA na akaunti ya benki. Cheki namba, yaani namba yako ya mshahara serikalini, haiji siku hiyo hiyo, kwa hiyo beba hela ya kodi na chakula ya kukutosha mpaka mshahara wa kwanza, na sweta mbili.